Konokono wa Kufugwa: Afadhali Azaliwe Nyumbani Kuliko Kuokotwa Shambani

Mvua za masika zinapoanza katika mwambao wa Afrika Mashariki, konokono wakubwa wa nchi kavu hutoka usiku chini ya majani makavu na kuparamia mipapai, migomba na kuta zenye ukungu. Mkulima huwaona waharibifu, na ana haki. Watoto huwaona vitu vya kuchezea. Mnyama huyo huyo, ambaye wataalamu humwita Lissachatina fulica na vitabu vya zamani vilimwita Achatina fulica, ana cheo kingine kabisa huko Uingereza. Kule hufugwa katika makasha ya kioo, sebuleni na hata madarasani, na watoto humpa jina, humlisha vipande vya tango na kumpima urefu. Asili yake, hata hivyo, ni mwambao huu.

Ufugaji wa namna hiyo umeanza kuonekana hata alikotoka. Nchini Kenya wapo wanaomfuga kwa ajili ya ute unaotiwa katika vipodozi, na mijini wapo watoto na vijana wanaomweka ndani kwa kumpenda tu. Baada ya miezi michache huzuka maswali mawili. La kwanza ni la mfugaji: mbona hatagi? La pili kwa kawaida ni la mama mwenye nyumba: je, mnyama huyu hataleta maradhi? Swali la kwanza hupelekwa kwa wafugaji wenzake, la pili kwa waganga, kana kwamba hayahusiani. Ukweli ni kwamba yanakutana. Konokono aliye salama zaidi kukaa naye nyumbani ni yule aliyeanguliwa humo humo nyumbani, katika kasha ambalo panya hawezi kuliingia. Kujua kumzalisha ni sehemu ya kujua kujikinga.

Hofu ya kichocho

Hofu inayotajwa kwanza ni kichocho, na inafaa iondolewe mapema. Tangu shule ya msingi mtoto hufundishwa kwamba konokono hueneza kichocho. Ni kweli, lakini si konokono huyu. Vimelea vya kichocho huhitaji konokono wa maji baridi: kichocho cha mkojo hupitia konokono wa jenasi ya Bulinus, na kichocho cha tumbo hupitia wale wa jenasi ya Biomphalaria. Hao ni wadogo, huishi mabwawani, kandokando ya maziwa na katika mifereji ya umwagiliaji, na mtu huambukizwa kwa kuingia katika maji hayo. Konokono wa nchi kavu hana nafasi yoyote katika mzunguko huo. Mhudumu wa afya anayemwambia mzazi atupe kasha la konokono kwa sababu ya kichocho anaikimbiza hatari isiyokuwepo, na pengine anasahau kuitaja iliyopo.

Hatari iliyopo ni mnyoo wa mapafu ya panya, Angiostrongylus cantonensis, uliotambuliwa katika panya wa mji wa Guangzhou nchini China katika miaka ya 1930. Mnyoo uliokomaa huishi katika mishipa ya damu ya mapafu ya panya. Lava wake hupanda hadi kooni, humezwa, kisha hutoka pamoja na kinyesi. Konokono, ambaye hachagui sana chakula, hula kinyesi hicho, na ndani ya mwili wake lava hukua mpaka hatua ya tatu, ambayo ndiyo iwezayo kuambukiza. Panya akimla konokono, mzunguko umekamilika.

Binadamu hujikuta katika mzunguko huo kwa bahati mbaya. Huambukizwa kwa kula konokono mbichi au asiyeiva, au kwa kula mboga mbichi iliyofichamana na konokono mdogo au koa. Na mtoto anayetambaa huambukizwa kwa kutia mdomoni alichokiokota. Ute nao hushukiwa, ingawa lava wanaopatikana katika ute ni wachache sana kuliko walio ndani ya nyama. Wakishaingia, lava huelekea kwenye ubongo, na huko hawana njia ya kuendelea na maisha yao. Hufa, na mwili huwashambulia kwa seli nyeupe za damu aina ya eosinofili. Mashambulizi hayo ndiyo yanayoleta homa ya uti wa mgongo ya aina ya pekee, isiyotokana na bakteria wala virusi.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa Asia ya Mashariki na visiwa vya Pasifiki. Lakini wagonjwa wameandikwa katika visiwa vya Mayotte na Réunion, wakiwamo watoto wachanga, na mnyoo wenyewe umepatikana katika panya wa Durban, Afrika Kusini. Bahari ya Hindi ina bandari nyingi, na panya husafiri bila kukata tiketi.

Jambo la kushika ni hili: konokono hazaliwi na mnyoo huyo. Huupata kwa chakula na udongo uliochafuliwa na panya. Konokono mzima aliyeokotwa chini ya mpapai ameishi miezi au miaka mahali ambapo panya hupita kila usiku, na hakuna kipimo cha nyumbani kiwezacho kuonyesha alichobeba. Aliyeanguliwa katika udongo safi, akalishwa majani yaliyooshwa, hajapata nafasi ya kuambukizwa.

Kuwapata wazazi

Njia iliyo bora ni kuanza na konokono kutoka kwa mfugaji ambaye tayari amewazalisha ndani kwa vizazi kadhaa. Asiyempata mfugaji kama huyo anaweza kuanza na konokono wa shambani, ila wawe wazazi tu. Wakae katika kasha lao peke yao, washikwe kwa glavu, wasiguswe na watoto, na wakishataga mayai yahamishwe. Katika mwambao huu, ambako wao ni wenyeji, wazazi hao wanaweza kurudishwa palepale walipookotwa. Mayai ndiyo mwanzo wa ufugaji wenyewe.

Konokono huyu ni huntha: kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Mfugaji mgeni hudhani basi mmoja anatosha. Kwa kawaida hatoshi, kwa maana jinsi hizo mbili hazikomai kwa wakati mmoja. Mbegu za kiume hutangulia, mayai hufuata baadaye. Wanahitajika wawili au zaidi, wa spishi moja, na ni vema wasiwe ndugu wa mtago mmoja, kwani kuzalisha ndugu kwa ndugu kizazi baada ya kizazi hudhoofisha uzao. Lakini yupo konokono wa peke yake anayetaga na kumshangaza mwenyewe. Sababu yake si muujiza. Konokono huyu huweza kuhifadhi mbegu za mwenzake mwilini kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na kuzitumia hali ikiwa nzuri. Kwa hiyo konokono aliyeokotwa akiwa mkubwa achukuliwe kuwa ana mimba mpaka ithibitike vinginevyo.

Ukomavu huanza karibu na miezi sita kwa aliyelishwa vizuri. Ukingo wa kombe, ambao kwa konokono anayekua ni mwembamba na huvunjika kirahisi, huanza kuwa mnene na mgumu, na kasi ya kukua hupungua. Kutaga mapema mno humwibia konokono chokaa ambayo angejengea mwili wake mwenyewe, basi walio wadogo watengwe na walio wakubwa.

Kasha, udongo na mvua ya kutengeneza

Konokono asiyetaga mara nyingi hana ugonjwa. Anaishi kiangazi. Katika mazingira yake ya asili, ukame ukizidi, huingia ndani ya kombe, huziba mlango kwa utando mkavu na kulala hata miezi kadhaa. Kasha lililokauka, au lenye udongo wa kina cha vidole viwili, humpa ujumbe kwamba huu si wakati wa kuzaa. Kazi ya mfugaji ni kumletea masika.

Kasha la plastiki au kioo lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40 hivi hutosha wakubwa watatu au wanne. Liwe na mfuniko mzito, kwa sababu konokono ana nguvu kuliko adhaniwavyo na akiamua hunyanyua mfuniko mwepesi. Matundu ya hewa yafunikwe kwa wavu wa chuma wenye macho madogo. Wavu wa plastiki panya huutafuna kwa usiku mmoja. Likae kimo cha meza, mbali na jua la moja kwa moja, ambalo huweza kugeuza kasha la kioo kuwa jiko.

Udongo ndio kiini cha mambo. Uwe na kina cha sentimita 10 hadi 15, mwepesi, usiowahi kupuliziwa viuatilifu. Udongo wa bustani utiwe kwanza katika sufuria kuukuu, ulowanishwe na kupashwa moto hadi utoe mvuke mwingi, kisha upozwe. Hapo lava na wadudu watakuwa wamekufa. Vumbi la makumbi ya nazi linafaa sana kuchanganywa nao kwa kuwa hushika maji bila kuwa tope. Ila wa pwani na wawe macho. Makumbi yaliyoozeshwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, na chumvi humuua konokono. Yatumike makumbi ya nchi kavu, au yaoshwe kwa maji ya kunywa mara nyingi.

Kila jioni kasha lipuliziwe maji hadi kuta zitoe matone, lakini udongo ukiminywa mkononi usichuruzike. Wapo wafugaji ambao huacha kasha likauke kidogo kwa siku chache, kisha hulipulizia kwa wingi usiku mmoja kama mvua ya kwanza. Konokono waliokuwa wamezubaa huamka na kuanza kutafutana. Joto la nyuzi 23 hadi 28 za Selsiasi linawafaa. Dar es Salaam na Mombasa halihitaji kutafutwa. Nairobi, Arusha au Mbeya katika mwezi wa Juni na Julai, konokono hupunguza kula na huacha kutaga, na tiba yake ni kulihamishia kasha katika chumba chenye joto na kuwa na subira.

Chakula si tabu. Mchicha, majani ya viazi vitamu, tango, boga na papai vinatosha, vyote vikioshwa na mabaki yakiondolewa asubuhi. Anayetarajiwa kutaga apewe pia, mara moja kwa wiki, unga kidogo wa dagaa wasiotiwa chumvi, kwa ajili ya protini.

Kinachosahaulika zaidi ni kalisi. Kombe la konokono ni madini ya kalisi, na maganda ya mayai yake ni hivyo hivyo. Anayepungukiwa hutaga mayai machache, na wenye njaa zaidi huonekana wakilambana makombe hadi kuyatoboa. Maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa yawekwe wakati wote. Bora zaidi kwa wa pwani ni ule mfupa mweupe mwepesi wa dome unaotupwa ufukweni na mawimbi. Uloweshwe siku kadhaa na maji yabadilishwe ili chumvi itoke, halafu uwekwe mzima mzima, nao wataukwangua wenyewe. Chokaa ya kupakia nyumba isitumike kamwe. Ingawa asili yake ni mawe ya kalisi, imekwisha kuchomwa, na huunguza ngozi laini ya konokono kama inavyounguza mikono ya fundi.

Mtago

Hujamiiana usiku, na shughuli hiyo huweza kuchukua saa nyingi. Wakati huo kiungo cheupe hutokeza upande wa kulia wa kichwa, nyuma ya pembe. Mfugaji asiyejua hushtuka akidhani utumbo umetoka, akajaribu kuurudisha kwa kidole. Asiguse. Kiungo hicho hurudi chenyewe, na ni iwapo tu kimebaki nje mchana kutwa na kuanza kukauka ndipo kuna jambo la kumwonyesha daktari wa mifugo.

Mayai hufuata baada ya wiki moja hadi tatu, au baadaye sana. Konokono anayetaka kutaga hujichimbia na kukaa humo hata siku nzima au zaidi, asing'olewe. Mayai yake ni ya rangi ya maziwa yaliyogandishwa, ya mviringo, yenye kipenyo cha karibu milimita 5, sawa na punje ya pilipili manga, na yamerundikana kama shanga zilizokatika uzi. Mtago wa kwanza huwa na mayai machache. Mkubwa aliyeshiba huweza kutaga 200 au zaidi kwa mara moja, na kurudia mara kadhaa kwa mwaka.

Yahamishwe kwa kijiko, bila kushikwa kwa vidole, hadi katika chombo kidogo chenye udongo uliotayarishwa kwa namna ileile, na yafunikwe kwa udongo wa sentimita mbili au tatu. Uhamisho huu una maana ya kitabibu zaidi ya kifugaji. Ikiwa wazazi walitoka shambani, watoto wasiishi nao kasha moja wala kutambaa juu ya ute na kinyesi chao. Yasikauke, yasielee majini. Katika joto la pwani huanguliwa kati ya wiki moja na tatu.

Hapo huja kipindi ambacho wengi huharibu kazi kwa haraka. Vifaranga vya konokono, kama vinaweza kuitwa hivyo, hula kwanza maganda ya mayai yao, na hukaa chini ya udongo siku kadhaa kabla ya kupanda juu. Mwenye shauku huchimba kila jioni kuwatazama, na makombe yao, ambayo bado ni laini kama karatasi, huvunjika. Waachwe. Usiku mmoja wataonekana wenyewe kwenye ukuta wa chombo, wakitafuta jani laini na unga wa kalisi.

Hesabu ya mayai

Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami, Marekani, kutoka Hawaii akiwa na konokono watatu wa aina hii. Bibi yake akawaachia bustanini. Baada ya miaka saba walikuwa wamepatikana zaidi ya 18,000, na serikali ya jimbo la Florida ilitumia takriban miaka kumi na dola milioni moja hadi kuwamaliza. Walionekana tena mwaka 2011. Kazi ya kuwaondoa ikachukua miaka kumi, ikatangazwa kukamilika mwaka 2021, na mwaka 2022 wakagunduliwa katika wilaya nyingine ya jimbo hilohilo. Kabla ya hapo, mwaka 1847, Mwingereza William Benson aliwachukua kutoka Mauritius na kuwaachia katika bustani ya Calcutta, India, na kutoka huko walienea kwa miongo iliyofuata. Ni kwa sababu hizi Marekani hukataza kuwaingiza na kuwafuga bila kibali, na msomaji mwenye jamaa huko asishawishike kuwapelekea zawadi ya namna hiyo.

Hapa walipo wenyeji wana maadui wao wa asili, lakini hata hapa mkulima wa mboga hahitaji mamia zaidi. Kwa hiyo mfugaji aamue idadi kabla ya kuona mayai, si baada ya kuona watoto, kwani wakishatoa pembe zao huruma huingia. Kumi hadi ishirini kwa mtago wanatosha nyumba yoyote. Mayai yaliyobaki yagandishwe katika friza kwa siku mbili, au yachemshwe, katika siku za mwanzo kabla hayajaumbika, kisha yafukiwe. Yasitupwe jalalani yakiwa mazima. Na anayekusudia kufuga kwa ajili ya kuuza awaone kwanza maofisa wa wanyamapori na wa mifugo wa eneo lake.

Usafi, na nani asimshike

Hata konokono aliyezaliwa kasheni huweza kubeba bakteria, ikiwamo salmonela, kama wanyama wengine wengi wa kufugwa. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kumshika au kugusa kasha. Vyombo vyake visioshwe katika karo la jikoni, na maji machafu yamwagwe chooni wala si juu ya mchicha wa bustani. Mtoto wa chini ya miaka mitano atazame bila kushika, maana kwa umri huo mkono na mdomo ni kitu kimoja. Wagonjwa ambao kinga yao imepungua, kama wanaotumia dawa za saratani, waliopandikizwa viungo na wenye VVU ambao bado hawajaimarika kwa dawa, wamwachie mwingine kazi ya kusafisha. Ipo pia mitindo ya urembo ya kutembeza konokono hai usoni. Kwa konokono wa kuokotwa jambo hilo ni la kukatazwa moja kwa moja, karibu na macho na midomo kuliko penginepo.

Kumla si desturi ya pwani, lakini Afrika ya Magharibi ni kitoweo cha heshima, na wageni huja na mapishi yao. Achemshwe sana, lava hufa katika maji yanayochemka kwa dakika tatu hadi tano, na konokono mkubwa ahitaji zaidi ili joto lifike ndani. Wenye pumu inayochochewa na utitiri wa vumbi la nyumbani wajue kwamba baadhi ya protini za konokono zinafanana na za utitiri huo, na wapo walioshikwa na mzio mkali baada ya kumla hata akiwa ameiva.

Kwa mhudumu wa afya, picha ya ugonjwa wa mnyoo wa mapafu ya panya ni hii. Wiki moja hadi tatu baada ya kuambukizwa, mgonjwa huja na maumivu makali ya kichwa yanayodumu, shingo kukakamaa, kichefuchefu, na mara nyingi hisia za ajabu ngozini, kama kuchomwachomwa au kuumia kwa kuguswa na nguo tu. Homa ni ndogo au haipo. Mtoto mdogo yeye huweza kuwa na homa, kutapika na kusinzia. Malaria ipimwe, na homa ya uti wa mgongo ya bakteria itibiwe bila kusubiri, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoua kwa saa. Lakini maji ya uti wa mgongo yakitolewa, maabara iombwe kupaka rangi na kuhesabu aina za seli, kwa maana eosinofili huweza kudhaniwa kuwa nutrofili zisipopakwa rangi. Zikifikia asilimia 10 au zaidi ya seli nyeupe, mnyoo huyu awekwe mbele ya orodha. Lava wenyewe huonekana kwa nadra. Tiba ni dawa za maumivu, kupunguza shinikizo kwa kutoa maji ya uti wa mgongo, na dawa za jamii ya steroidi. Kuongeza albendazoli bado wataalamu hawajaafikiana, na uamuzi huo ni wa daktari bingwa. Wengi wa wagonjwa hupona kabisa.

Swali ambalo halipo katika fomu nyingi za kupokelea wagonjwa liulizwe kwa mdomo: kuna konokono nyumbani, na walitoka wapi? Mzazi naye asione haya kujibu. Mtoto aliyemtia konokono mbichi mdomoni akammeza, hata kipande, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo ingawa anacheza na kucheka, na mzazi aeleze saa ilipotokea, na kama konokono huyo alikuwa wa kasheni au wa shambani.